Mkono wa Santuri na Herufi Zinazopotea

Mengi yameandikwa juu ya waimbaji wetu wa taarabu wa mwambao, na mengi zaidi juu ya mashairi yao. Lakini ule mkono mwembamba unaoishika sindano juu ya santuri haujapata wa kuusifu wala wa kuulaumu. Mtu hununua spika kubwa kama makabati, akaongeza amplifaya ya kumeremeta, na habari ya mkono akaiacha iwe ya mwisho, au asiiulize kabisa. Mimi nasema mambo yageuzwe. Spika hutangaza kile tu ilichopewa. Herufi iliyopotea pale sindano inapokutana na mfuo haina mashine ya kuirudisha.

Nasema "herufi" kwa makusudi. Sisi tuliosoma chuoni tulifunzwa mapema kwamba sin si sad, na sad si shin, na kila moja ina mahali pake pa kutokea kinywani. Santuri inayosomwa na mkono mbovu haizipambanui hizo. Zote huwa sauti moja, kama mchanga uliomwagwa juu ya bati. Kwa mtu anayetaka ngoma ya kucheza huenda hilo si neno. Kwa mshairi ni msiba, kwa kuwa zipo nyimbo zetu ambazo maneno yake hayakuandikwa popote ila katika mfuo wa santuri, na mtungaji keshatangulia mbele ya haki.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Shangazi yangu, ambaye ni mjane, alinikabidhi masanduku matatu ya santuri za marehemu mumewe. Ni zaidi ya 300. Nyingi ni zile ndogo za inchi 7, za mizunguko 45 kwa dakika, za taarabu ya Mombasa: zimo sauti za Juma Bhalo na Zuhura Swaleh, na nyingi zina chapa ya Mzuri iliyokuwa ikitolewa na duka la Assanand hapa mjini. Zimo santuri kubwa za Umm Kulthum zisizopungua 20. Na chini kabisa, zikiwa zimefungwa kanga, zimo 11 za kale za mizunguko 78, za zama zile zilizoanza Siti binti Saad aliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kuimba mbele ya mashine. Masharti ya shangazi yalikuwa mawili. Nizinakili ili wajukuu wazisikilize, na zirudi kama zilivyotoka. "Mwanangu," aliniambia, "nitazihesabu, na nitazitazama moja moja."

Juu ya hayo kulikuwa na ugomvi wa kale wa nyumba ile. Katika mojawapo ya zile santuri ndogo, ubeti wa mwisho, marehemu akisikia "shaka", na shangazi akisikia "saka". Wakabishana miaka 30. Nami ningeweza kuamua kwa kanuni za utunzi kama kina na mizani vingenisaidia, lakini tazama, msomaji: yote mawili yana silabi mbili, na yote mawili yaishia kwa "ka". Kanuni haina la kusema hapo. Ni sikio tu, na sikio halisikii ila kwa kupitia sindano.

MASHINE

Mashine niliyo nayo ni Thorens TD 124, kazi ya Uswisi iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1957. Niliichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ina mwendo wa 33, wa 45, na wa 78 pia, ambao mashine nyingi zilizokuja baadaye ziliuacha. Pili, mkono wake haukugandishwa mwilini. Umefungwa juu ya kibao cha mbao kinachotolewa kwa skrubu chache na kutiwa kingine. Basi mtu aweza kuwa na vibao vitatu na mikono mitatu, akajaribu huu na huu, na sahani ikabaki ile ile. Hakuna njia ya haki zaidi ya kulinganisha.

Mpwa wangu aishiye Uingereza, ambaye ndiye mlipaji, alinipatia mikono mitatu. Wa kwanza ni SME 3012, wa inchi 12, toleo la pili. Wa pili ni SME Series V. Wa tatu ni Aro wa kampuni ya Naim ya Salisbury, uliotoka mwaka 1987. Yote imetumika. Mikono mipya ya daraja hiyo bei yake ni ya gari, na tena soko limebanwa: mwishoni mwa 2019 SME walitangaza kuwa hawatauza tena mikono peke yake pasipo mashine zao wenyewe, na mwaka 2020 kile kiwanda cha Japani kilichokuwa kikitengeneza mikono ya Jelco kikafunga milango baada ya miaka 100 ya kazi. Watu wakakimbilia ya zamani. Sharti letu na mpwa lilikuwa kwamba mmoja ubaki Mombasa, na miwili aiuze.

Lakini kabla sijaeleza nilivyochagua, yafaa nieleze mkono wafanya nini, maana wengi hudhani kazi yake ni kubeba tu.

UPINDE NA MSTARI

Santuri mama, ile inayokatwa kiwandani, hukatwa na sindano inayokwenda mstari ulionyooka, kutoka ukingoni mpaka karibu na kitovu. Mkono wa nyumbani hauendi hivyo. Umefungwa mahali pamoja, nao huzunguka kama mlango kwenye bawaba, na ncha yake huchora upinde. Kwa hiyo sindano yetu haiwezi kuukabili mfuo kwa pembe ile ile iliyokatiwa. Hapa itakuwa imegeuka kulia kidogo, pale kushoto kidogo. Mwaka 1924 Mwingereza Percy Wilson alilieleza tatizo hili katika jarida la The Gramophone. Mwaka 1938 Erik Löfgren wa Sweden akalifanyia hesabu kamili, na mwaka 1941 Baerwald akafanya zake huko Marekani. Dawa yao ni moja, nayo ni ya werevu. Kichwa cha mkono kikunjwe kwa pembe, na sindano iachwe ipite kitovu cha sahani kwa milimita kadhaa. Kwa mkono wa inchi 9 kichwa hukunjwa digrii 23 au 24, na sindano hupita kitovu kwa milimita 17 au 18. Ukifanya hivyo zitapatikana sehemu mbili katika santuri ambapo kosa ni sifuri kabisa: kwa hesabu ya Baerwald, milimita 66 na milimita 121 kutoka katikati. Kwingineko kosa lipo, lakini halizidi digrii mbili hivi.

Mkono ukiwa mrefu zaidi, upinde hunyooka zaidi na kosa hupungua. Hiyo ndiyo fahari ya mikono ya inchi 12. Lakini mkono mrefu ni mzito zaidi kutikisika, na urefu wenyewe huleta ulegevu usipotengenezwa imara. Na kukunja kichwa nako kuna deni lake: msuguano wa mfuo huuvuta mkono kuelekea ndani, ukuta mmoja wa mfuo ukaelemewa kuliko mwenzake, hata ikabidi kutia uzi na kijiwe cha kuuvuta nje.

Watu wameuliza: kwa nini basi mkono usiende mstari mmoja kama ulivyokwenda ule wa kiwandani? Naam, ipo ya namna hiyo. Bang & Olufsen wa Denmark walitoa Beogram 4000 mwaka 1972, na mkono wake unatembea kwenye reli. Wengine wametengeneza mikono inayoelea juu ya hewa isukumwayo kwa pampu. Ni kazi ya kustaajabisha. Ila hewa yenyewe yataka iwe kavu na safi, na mimi nakaa Mji wa Kale, hatua chache kutoka baharini, ambapo hata bawaba za madirisha hutiwa mafuta kila Ijumaa. Hiyo niliiacha bila majuto.

UZITO

Jambo la pili ni uzito, na hapa ndipo watu wenye pesa hupotea. Hununua mkono bora na katriji bora, vikakataana kama mke na mume walioozwa kwa barua. Sindano imeshikwa na kijiti chenye unyumbufu, na mkono ni mzigo ulio juu yake. Vitu hivyo viwili pamoja vina mtetemo wao wa asili, kama embe juu ya tawi. Mtetemo huo ukiwa chini mno, karibu na mara 4 au 5 kwa sekunde, kila santuri iliyopinda itaurusha mkono. Ukiwa juu mno, kama 18 au 20, utaingia ndani ya muziki wenyewe. Mahali pa salama ni kati ya 8 na 12.

Hesabu yake si ngumu. Chukua uzito wa mkono kama usikiwavyo na sindano, ongeza katriji na skrubu zake, zidisha kwa unyumbufu ulioandikwa katika karatasi ya katriji, tafuta kipeo cha pili, kisha 159 uigawanye kwa jibu hilo. Mathalan mkono wa gramu 11, katriji gramu 6, skrubu gramu 1: jumla 18. Unyumbufu 15. Mara 18 ni 270, kipeo chake ni 16 na kitu, na jibu ni karibu 9.7. Ndoa hiyo itadumu. Mtie katriji hiyo hiyo katika mkono wa gramu 30, nawe utaona sindano ikicheza chakacha juu ya santuri. Muuzaji asiyejua hesabu hii, na nimekutana nao, ni heri usimsikilize.

MIKONO MITATU

Jaribio la kwanza kwa mkono wowote uliotumika halihitaji santuri. Usawazishe kwa jiwe lake la mizani mpaka uelee, kisha uupulize taratibu kwa pumzi. Mkono mzima huenda, hurudi, na husimama wenyewe polepole. Ulio na ugonjwa husita njiani, au hukwama. Halafu kishike kichwa kwa vidole viwili, uutikise kidogo sana. Ukisikia mchezo wowote katika kiungo, urudishe kwa mwenyewe. Yote yangu mitatu ilifaulu.

Nilianza na Aro. Huu hauna beringi za kawaida. Umekaa juu ya nukta moja tu, kama pia, na ukiugusa huyumba. Mtu asiyeujua atadhani umevunjika. Lakini sauti! Sijapata kusikia mpiga fidla wa Mombasa akiwa karibu nami namna ile. Mkono wa nukta moja hauna msuguano wa kutajika, na muziki huruka kutoka kwenye santuri kama samaki kutoka wavuni. Tena bomba lake lote laweza kunyanyuliwa na kutiwa jingine lenye katriji tofauti. Ningeuchukua pale pale, lakini mkono huu hauna kiinulio. Hakuna ile wenzo ya kuushusha taratibu. Ni kidole chako na Mola wako. Mimi nina umri wa zaidi ya miaka 50, na santuri si zangu. Baada ya kuishusha sindano mara 6 jasho lilinitoka kuliko mtu aliyepanda mnazi.

Series V ni mkono wa namna nyingine. Ulitoka katikati ya miaka ya 1980, na bomba lake pamoja na kichwa vimesubiwa kipande kimoja cha magnesi, pana nyuma na jembamba mbele, bila kiungo. Kisichokuwa na kiungo hakilegei. Niliutilia santuri ya Umm Kulthum, na nilichagua upande wa pili, dakika za mwisho, kwa sababu pale ndipo palipo na mtihani. Santuri huzunguka mwendo mmoja, lakini kadiri sindano inavyokaribia katikati, ndivyo urefu wa mfuo unaopita chini yake kwa kila sekunde unavyopungua. Ukingoni mwa santuri ya inchi 12 hupita karibu nusu mita kwa sekunde. Mwishoni ni sentimita 21 hivi. Muziki ule ule umebanwa katika nafasi isiyofika nusu. Na bibi yule, kama mjuavyo, moto wake huuweka mwisho. Katika Series V alipopanda, alipanda, na wapiga fidla wote wakapanda naye, pasi na mchanga. Nilirudia mara tatu. Mpwa wangu alikuwa akisikiliza kwa simu kutoka Uingereza, akasema, "Mjomba, usihangaike tena, ndio huo."

Lakini mimi sikukubali, na nitasema kwa nini. Mkono wa kipande kimoja una kichwa kisichotoka. Katriji iliyofungwa mle imefungwa. Kuibadilisha ni kazi ya skrubu ndogo, nyaya nne nyembamba kama unywele, na nusu saa ya kupima upya. Na masanduku ya shangazi yana mataifa matatu. Sindano ya santuri ya kisasa, ukiitia katika mfuo wa 78, huzama mpaka chini kabisa na kukwaruza sakafu yake, kwa kuwa mfuo ule ni mpana zaidi sana. Yataka sindano yake maalumu. Zile ndogo za mono nazo nilitaka kuzipa katriji ya mono, isiyosikia makelele ya juu na chini. Kwa mwenye santuri za aina moja, Series V ni bora kuliko wote niliopata kuugusa, na namshauri auze ng'ombe. Kwangu mimi ungekuwa kama kanzu ya sherehe kwa mtu mwenye kazi ya bandarini.

Ukabaki mzee wa watu, 3012. Alastair Robertson-Aikman alikuwa na karakana yake huko Sussex tangu 1946, ikitengeneza vipande vya vielelezo vidogo vya mashine. Jina la SME latokana na kazi hiyo. Alipohitaji mkono mzuri kwa santuri zake alijitengenezea mwenyewe, rafiki zake wakautamani, na kufikia 1959 ikawa ndiyo biashara. Kiungo chake ni ncha ya kisu iliyokaa katika kitako chake, sawa kabisa na mizani ya sonara, na kila aliyekaa kungojea bangili zipimwe ajua mizani ile isivyodanganya. Kichwa chake hutoka kwa kuzungusha pete moja, na kifungo chake viwanda vingi, hasa vya Japani, vilikifuata, hata vichwa vyapatikana mpaka leo. Nina vichwa vitatu, kila kimoja na katriji yake. Kubadilisha ni nukta chache, na kisha kurekebisha jiwe la mizani.

Sifa yake nyingine ndiyo iliyonikata shauri. Kitako cha mkono huu hutelezeka mbele na nyuma juu ya reli fupi. Sasa rudi kwenye zile hesabu. Sehemu mbili za sifuri za Baerwald, milimita 66 na 121, zimepangwa kwa ajili ya santuri kubwa. Santuri ya inchi 7 muziki wake waanza milimita 84 hivi kutoka katikati na kwenda ndani. Ile ya 121 haiifikii hata kuinusa! Tena pale inapoanzia ni karibu na mahali ambapo kosa la katikati ndilo kubwa kuliko pengine. Ni kweli kwamba mwendo wa 45 husaidia, kwa kuwa mfuo hupita haraka zaidi. Hata hivyo ubeti wa mwisho uko kule ndani. Mwaka 1966 Mwingereza Stevenson aliandika katika Wireless World hesabu inayoipeleka sifuri ya ndani mpaka milimita 60 hivi. Wapenzi wa santuri kubwa huibeza, wakisema yaongeza kosa kwingine. Wao wana haki kwa santuri zao. Kwa zetu za Mombasa, ndiyo hesabu yenyewe. Nilikitelezesha kitako mpaka sindano ikasimama sambamba na mfuo karibu na milimita 60, nikafunga skrubu.

Kisha nikaitia ile santuri ya ugomvi. Katika Aro nilikuwa nimesikia "shaka", na katika Series V, iliyopangwa kwa santuri kubwa, sikuweza kuapa. Sasa lilitoka neno kavu, bila upepo wa shin pembeni yake: "saka". Nikawaita watoto watatu wa nyumbani, mmoja mmoja, bila ya kuwaambia habari yoyote, kila mmoja aandike alilosikia. Wote waliandika "saka". Na ubeti wote ukageuka maana. Kumbe mwimbaji hakuwa na wasiwasi, alikuwa mwindaji. Shangazi nilipomwambia alinyamaza kwa muda, halafu akasema afadhali marehemu hakuwahi kujua.

Mpwa wangu hakufurahi. Asema nimechagua mkono uliokwisha kutungwa kabla yeye hajazaliwa na kukiacha kilele cha kazi ya kiwanda kile kile. Series V na Aro vimerudi kwake kwa ndege, na sauti ya Umm Kulthum katika dakika zile za mwisho si ile niliyoisikia. Hilo nalikiri kwake kila anaponipigia. Kitako nakisogeza tena kwa ajili ya santuri zake, mchanga hupungua, lakini haumaliziki.

Mpaka juma hili nimenakili 213. Za 78 nimemaliza tisa. Mbili zilizobaki zimechakaa katikati ya mfuo, pale zilipolimwa na sindano za chuma za vinanda vya kale vilivyokuwa vikizielemea kwa zaidi ya gramu 100, na ninangojea kichwa cha nne chenye sindano pana kidogo kuliko niliyo nayo. Sindano pana haizami. Hukaa juu zaidi kwenye kuta za mfuo, ambapo chuma kile hakikupita.